Tundu la Mstari wa Arobaini na Moja

Wifi yangu aliifua shali ya mama kwa mashine. Naanzia hapo kwa sababu yeye mwenyewe hapendi nianzie hapo. Akisimulia yeye, habari inaanza na chai ya maziwa iliyomwagika, inapita kwenye moyo wake mwema, inazunguka kwenye mashine mpya yenye vitufe kumi na viwili, na ikifika kwenye shali anakuwa ameshachoka kusimulia. Mimi sichoki. Shali iliingia mle ndani ikiwa na urefu wa kitanda, ikatoka na ukubwa wa kitambaa cha kushikia sufuria. Ilikuwa imekakamaa, matundu yote yamefumba, na ukiiegemeza ukutani inasimama yenyewe. Nilijaribu.

"Niliweka kitufe cha nguo laini," wifi alisema.

"Na maji?"

"Ya moto. Si ndiyo yanayoua vijidudu?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna kijidudu kilichotoka hai.

Kwa faida ya asiyeijua, shali ile mama aliifuma kwa mkono, kwa sufu nyembamba kiasi kwamba ukishika uzi mmoja bila kuangalia hujui kama umeshika kitu. Ilikuwa na majani kumi na matatu kwa upana, kila jani limechorwa kwa matundu, na ukiinyoosha mbele ya dirisha unamwona anayepita barabarani na unamtambua. Alianza kuifuma nikiwa na miaka tisa, akaimaliza nikiwa na kumi na moja. Sasa nina hamsini na mbili. Shali imepita harusi, misiba na nyumba tatu za kupanga, ikaja kuuawa na kitufe.

Mama alikuwa fundi wa kufuma, ila umaarufu wake ulitokana na kufumua. Akiona kosa moja, hata liwe limejificha kwapani, kazi nzima inarudi kuwa bonge. Sweta langu la kwanza alilifumua mara sita. Mara ya saba alinyamaza nikadhani amekubali, kumbe alikuwa anatafuta miwani. Jirani mmoja alikuja kutusalimia amevaa sweta alilofuma mwenyewe, mama akasema hebu niuone huo mkono, na yule mama wa watu akarudi kwake na sweta lenye mkono mmoja na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, kosa halivuki mlango. Aliyeonja sheria hiyo kuliko wote ni mimi, ambaye mama aliniita Haraka tangu nikiwa mdogo, na hakuniita hivyo kwa mapenzi. Nimefuma miaka arobaini. Nina chumba changu cha kazi na mashine ya kufumia, shule tatu zinavaa masweta yangu, na sijawahi kumsikia mama akiita kizuri kitu chochote kilichotoka mikononi mwangu. Akifurahi kupita kiasi husema, "Haya."

Kisukari kilimchukua macho miaka sita iliyopita, kisha kikaanza kumtia ganzi vidoleni. Tangu hapo shali ndiyo ilikuwa gazeti lake. Asubuhi anakaa barazani nayo magotini, vidole vinatembea juu ya majani, na kidole gumba cha kulia kina mahali pake maalumu karibu na ncha moja, pale kinatulia na kusugua, na kusugua, saa nzima. Tulidhani ni mazoea, kama mtu anayezungusha pete. Huku anasugua, anagombana na redio, na muuza maziwa, na mimi nikipita kwa wifi, ambako mama anaishi, kumjulia hali. Siku za mwisho kabla ya mashine nilimwona anahangaika kupatafuta mahali pale, anapapasa, anakosa, anarudia. Sikutia maanani. Nilikuwa na masweta ya shule.

Baada ya mashine, aliacha yote. Wifi alipomshikisha kile kilichobaki, alikigeuza mara mbili, akasema, "Haidhuru," akamrudishia. Mama yangu alisema haidhuru. Nilitamani ampige wifi kwa kitu, hata kandambili, nijue kwamba bado yumo. Akarudi chumbani akalala amegeukia ukuta. Redio ikasema upuuzi wake siku nzima pasipo mtu wa kuipinga. Chai anakunywa nusu kikombe. Daktari akaja, akapima sukari, akapima presha, akasema hakuna jipya, ni uzee. Kidole gumba kilikuwa kinasugua blanketi.

Siku ya kumi na mbili aliniuliza kama nguo zake nzuri zimepigwa pasi. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, anauliza tu. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba kwenye karo la kufulia, nikalia kama mtoto, kisha nikanawa uso upesi kwa sababu nilisikia kandambili za wifi zinakuja.

Wifi alikuwa amebeba mfuko uliomzidi kimo. Ndani mlikuwa na mabonge kumi na manne ya sufu, mekundu kama nyanya, na uzi wenyewe mnene kama kidole kidogo cha mtoto. Nilimwuliza anataka kufuma au kufunga ng'ombe.

"Umfumie ileile," alisema. "Lakini kwa uzi huu."

"Wifi yangu, ile ni shali ya uzi mwembamba. Huu ni uzi wa kufutia miguu mlangoni."

"Vidole vya mama havishiki tena vitu vyembamba. Vifungo vyake vyote nimebadilisha, nimemwekea vikubwa."

"Mama hatafuma, wifi. Atavaa."

"Na uzi huu una joto."

"Hata tanuri lina joto."

"Wewe fuata karatasi tu," alisema, na kunipa kisogo. "Si aliandika kila kitu?"

Karatasi anayosema ni daftari la mama. Alipoona macho yanaanza kufifia, miaka minane iliyopita, alikaa mwezi mzima na shali mezani akaiandika mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa kama matangazo ya mkutano. Alipomaliza akanitupia mapajani. Hakusema kwa nini. Daftari lilikuwa kabatini kwangu, chini ya vifungo, na sikuwahi kulifungua kwa sababu nani anahitaji kujifunza shali ambayo ipo.

Basi nikafuata karatasi. Nakiri nilifuata kwa nia mbaya. Karatasi ilisema sindano nyembamba, nikachukua sindano nyembamba. Uzi ulikataa hata kuteleza. Kwa siku mbili nilisukuma vitanzi vya uzi kama mtu anayesukuma kabati kupita mlangoni, na kilichotoka kilikuwa ubao. Matundu hayakuonekana kabisa. Nikampelekea wifi, nikakigonga mezani kwake kikalia ko ko.

"Tumia sindano nene," alisema, kana kwamba yeye ndiye mwenye miaka arobaini kazini.

Sindano nene kiasi hicho hazikupatikana dukani, kwa hiyo kazi ikaangukia mume wake, yaani mdogo wangu, ambaye ni seremala. Mdogo wangu ni mtu mwema na ametengeneza milango ya nusu ya mji. Nilimwambia nataka vijiti viwili vya milimita nane, vyenye ncha, vilainishwe vizuri. Mara ya kwanza aliniletea miguu ya stuli. Mara ya pili vilikuwa sawa, isipokuwa kimoja kilizidi kingine kidogo kwa unene. Akaniambia kwenye mlango hakuna ambaye angeona. Nikamkalisha kwenye benchi lake mpaka vikalingana.

Nikaanza tena. Karatasi ilisema vitanzi mia na sitini na nne. Nilijua vizuri kwamba kwa uzi ule na sindano zile ni wazimu, ila nilikuwa nimeambiwa nifuate karatasi na mimi ni mtu mtiifu. Siku nne, mistari kumi. Nikaenda nayo kwa wifi, nikaitandaza juu ya meza ya kulia chakula, ikafunika meza, ikafunika viti, ikaning'inia mpaka sakafuni pande zote mbili.

"Kubwa mno," wifi alisema.

"Ndivyo karatasi inavyosema. Tunaweza kumvisha mama na muuza maziwa pamoja."

"Basi gawa kwa mbili."

Nilikuwa nafungua kinywa nimpe vidonge vyake, mama akaita kutoka chumbani. Akauliza leo ni siku gani. Wifi akamjibu. Baada ya muda kidogo akauliza tena, kwa sauti ileile. Wifi akamjibu tena, taratibu, kama mara ya kwanza. Nikatazama lile shuka jekundu mezani na nikajiona mpumbavu. Siku sita nzima nilikuwa nafuma kisasi, na yule mtu alikuwa anapungua mle ndani.

Nikakunja kila kitu nikarudi chumbani kwangu. Masweta ya shule nikayasogeza pembeni, nikafumua lile shuka lote, nikakaa chini kufanya kazi kama fundi.

Sasa, kugawa kwa mbili ni rahisi kama wewe ni wifi yangu. Vitanzi mia na sitini na nne nusu yake ni themanini na viwili. Ondoa vinane vya kingo, vinne huku na vinne kule, ambavyo haviguswi. Vinabaki sabini na vinne. Kila jani linakula vitanzi kumi na viwili, si kumi na kimoja wala kumi na nusu, kwa sababu kila tundu unalofungua kwa kuzungusha uzi kwenye sindano lazima ulilipie kwa kuunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, la sivyo shali inapanuka au inasinyaa kila mstari. Sabini na vinne kwa kumi na viwili unapata majani sita, na vitanzi viwili vinakutazama. Ningempa mama majani sita na kikonyo.

Kwa hiyo unaanza na upana unaoutaka. Nilifuma kipande cha majaribio cha jani moja, nikakilowesha, nikakivuta kwa pini kwenye godoro mpaka kikakauka, ndipo nikapima, maana uzi mnene ukiwa mkavu ni mwongo, ukilowa tu unalegea na kuongezeka. Hesabu ikatoa majani saba, vitanzi themanini na vinne, na kingo vinane, jumla tisini na viwili. Upana uleule wa zamani, karibu kabisa. Ila majani kumi na matatu yamekuwa saba, na kila moja sasa lingetosha kiganja cha mtu mzima. Jani la mama lilikuwa kama la mchaichai lililokatwa kidogo. Langu lilikuwa kama la mgomba. Nilifuma huku nasonya.

Nilipofika mstari wa arobaini na moja ndipo nikakuta kosa la mama.

Nililisoma mara tatu. Kurasa zote zile, kila jani linafanana na mwenzake, mistari kumi na sita kisha unarudia. Lakini kwenye mstari wa arobaini na moja ameandika: *jani la tano, usizungushe.* Yaani uunganishe vitanzi viwili lakini tundu usilifungue. Ukifanya hivyo unapoteza kitanzi kimoja, na kweli, kwenye mstari wa arobaini na tatu ameandika: *jani la tano, ongeza kimoja.* Ameharibu halafu akatengeneza, mahali pamoja tu katika shali nzima, bila sababu yoyote. Jani hilo la tano linabaki na jicho lililofumba.

Sitasema uongo, moyo wangu uliruka kwa furaha. Miaka arobaini mtu anakufumulia, na hatimaye unamkuta kwenye daftari lake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Macho yalikuwa yameshaanza kufifia, nikajiambia, maskini. Alipotezwa na mistari. Nikazungusha uzi pale panapotakiwa kuzungushwa, nikafungua tundu langu safi, na ile nyongeza ya mstari wa arobaini na tatu nikaipuuza. Shali ikaenda sawasawa. Nilitabasamu peke yangu mle chumbani mpaka mteja aliyekuja kuchukua sweta akaniuliza kuna nini.

Wiki tano. Nilifuma asubuhi kabla ya kufungua chumba, nikafuma mchana wateja wakinisubiri, na kila jioni nilipita kwa mama nikamkuta amelala vilevile. Nilikuwa naogopa. Naliandika neno hilo lilivyo kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu. Nilikuwa naogopa kwamba nitaimaliza halafu isiwe na wa kuivaa, na nilikuwa naogopa pia, Mungu anisamehe, kwamba ataishika kisha aseme haidhuru.

Kuilowesha na kuinyoosha tulifanyia kwa wifi, kwenye godoro la wageni, kwa sababu kwangu hapatoshi. Wifi alishika pini, nami nikavuta. Lazima niseme alivyoshika pini vizuri, kila nilipohitaji moja tayari ipo mkononi mwake. Shali ilipotanda yote, majani yakafunguka. Matundu yalikuwa makubwa kiasi cha kupitisha kidole.

"Nzuri," wifi alisema.

"Ni wavu wa goli," nilisema, lakini niliitazama muda mrefu.

Kesho yake ilikuwa kavu. Tukamwinua mama, wifi upande mmoja na mimi upande mwingine, tukamkalisha barazani kwenye kiti chake. Alikuwa mwepesi mno, sikupenda alivyokuwa mwepesi. Nikamwekea shali magotini. Nikasimama mbele yake mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikisimama nikiwa na miaka tisa.

Mikono ilikaa tu juu ya shali kwa muda. Kisha kidole kimoja kikaanguka ndani ya tundu. Kikatoka, kikaenda kwenye lingine. Halafu vyote kumi vikaanza kutembea. Niliona uso wake unabadilika, nyusi zinakaribiana, kile kichwa kinainama upande mmoja kama zamani alipokuwa anatafuta kosa. Alikuwa anayaona matundu yote. Miezi mingapi amekuwa akipapasa ile shali nyembamba bila kuisikia vizuri vidoleni, na mimi napita na kusema habari za asubuhi. Wifi alilijua hilo kutokana na vifungo. Niliinua macho nikamkuta ananitazama, na alikuwa na heshima ya kutosema chochote. Alikuja kulisema baadaye, kila siku kwa mwezi mzima.

"Uzi gani huu?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Mnene, mama. Ndio aliouchagua wifi."

"Majani mangapi?"

"Saba."

"Mbona si sita?"

"Sita ilibaki viwili."

Akapiga hesabu. "Haya," alisema.

Kama ningeondoka wakati ule ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Lakini vidole viliendelea kushuka kuelekea ncha, na kidole gumba cha kulia kikaanza kuhesabu. Kilipita jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano kikasimama. Kikaingia ndani ya tundu, kikatoka. Kikaingia tena.

"Haraka," mama alisema. "Umeharibu."

Nilimwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo, ambayo si nyingi, kwamba sikuharibu, bali nimetengeneza. Nikamwambia daftari lake lina kosa, mstari wa arobaini na moja, jani la tano, huenda macho yalikuwa yamechoka, na si aibu, hutokea kwa kila mtu.

"Pale hapana tundu," alisema.

"Panatakiwa tundu, mama. Kila jani lina tundu pale."

"La tano halina. Ulilisahau wewe."

Sikuelewa, nikamwambia hivyo.

"Nilikwenda hospitali kumzaa mdogo wako," alisema, akitikisa kichwa upande wa karakana ambako msumeno ulikuwa unalia. "Nilikaa wiki mbili. Wewe niliyekuacha na jirani na kukukataza kugusa sindano zangu, uligusa. Nimerudi nakuta mistari minne siyo yangu. Arobaini na moja, na mbili, na tatu, na nne. Kila kitanzi umekikaza kama fundo la kamba. Kazi mbaya kama ile sijapata kuona."

Hapo nikakumbuka. Sikukumbuka mistari. Nilikumbuka nyumba ilivyokuwa kimya, nikajiambia nikiifuma shali itarefuka, na ikirefuka mama atarudi. Nilifuma mistari minne kisha nikairudisha kapuni vilevile ilivyokuwa, na kwa kuwa hakuna aliyesema kitu, niliamini miaka yote kwamba hakuna aliyegundua.

"Nikaanza kufumua," mama alisema. "Wa arobaini na nne nikautoa, wa tatu nikautoa, wa pili nikautoa. Huo wa kwanza ndio ulikuwa na hilo tundu ulilosahau. Nikashika uzi nivute."

"Kwa nini hukuvuta?"

Kidole gumba kilikuwa bado ndani ya tundu langu safi.

"Mtoto alikuwa analia," alisema. Kisha akasema, "Nilikuwa nimechoka." Halafu akaongeza akiwa amekunja uso kama mtu aliyelazimishwa, "Ulikuwa umeifuma peke yako. Basi nikauacha. Nikaongeza kitanzi kwenye arobaini na tatu, nikaendelea."

Mwanamke aliyemfumulia jirani sweta mwilini. Kosa langu alilivaa harusini na msibani, akalisugua kwa kidole miaka yote ile tukidhani ni mazoea, na macho yalipoanza kufifia akaliandika kwa kalamu nyekundu ili lisipotee. Nami nimeliona, nimelicheka, nimelisahihisha.

Wifi, ambaye hawezi kuona watu wamenyamaza, akasema si kazi, tuchukue sindano na uzi kidogo tuzibe lile tundu, dakika mbili.

"Atajua," nilisema.

"Nitajua," mama alisema, karibu kwa pamoja nami.

Nikavuta stuli nikakaa miguuni mwa mama. Shali ile ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na sita. Nikatafuta ncha ya mwisho, nikafungua fundo, nikavuta. Nilifuma wiki tano, na kwa mara ya kwanza maishani nilifumua kazi yangu iliyokwisha bila mtu kunilazimisha. Wifi akakaa sakafuni akawa anazungusha bonge. Uzi mnene ukifumuliwa una sauti yake, trrr, trrr, mstari baada ya mstari, na mama alikuwa anausikiliza ameinamisha kichwa.

"Polepole, Haraka," alisema. "Unautia fundo."

Kisha akamwambia wifi chai yake haina sukari, na wifi akamjibu kwamba haitakuwa nayo na anajua kwa nini, na mama akasema watu wa nyumba hii watamwua kwa maji ya moto yenye rangi. Redio ikatoa habari. Mama akaiambia ni mwongo.

Mchana ulikuwa umesogea tulipofika arobaini. Nikavirudisha vitanzi tisini na viwili kwenye vijiti vya mdogo wangu, nikahesabu mara mbili, nikaanza mstari wa arobaini na moja palepale nilipokaa. Jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mama alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaweka kidole gumba juu ya sindano.

Niliunganisha vitanzi viwili. Vidole vyangu, kwa mazoea ya miaka arobaini, viliinua uzi kuuzungusha. Nikaurudisha chini, sikuuzungusha.